Mwalimu wa Usishindilie

Mwalimu wetu wa Kemia alikuwa na adui mmoja tu katika dunia hii, naye ni mtu anayeshindilia. Mwizi angemsamehe. Mwanafunzi aliyeibia kwenye mtihani alimsamehe kabisa, tena kwa furaha, maana alikuwa amepata mtu wa kumhubiria mpaka jioni. Lakini ukikamata kopo, ukalijaza pumba za mpunga, halafu ukazigandamiza kwa kiganja ili ziingie nyingi zaidi, alikutazama kama umemkanyaga mtoto mchanga.

"Wewe," alikuwa akisema, "umezipa pumba zako mahali pa kulala, umezinyima mahali pa kupumulia. Haya, ziwashe tuone."

Tunaziwasha. Zinatoa moshi, zinatutoa machozi, zinazimika. Yeye anakunja mikono nyuma na kutabasamu, kama kwamba hasara yetu ni mchango kwenye sherehe yake.

Shule ilikuwa nje kidogo ya Didia, katikati ya mashamba, na maabara yake ilikuwa na mabomba mazuri sana ya gesi ambayo hayakuwahi kupitisha gesi. Mwalimu mwingine angetumia hali hiyo kama sababu ya kutufundisha kwa mdomo tu. Huyu alikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akarudi na gunia la pumba kwenye baiskeli, na kuanzia siku hiyo mada yoyote iliyokuwa kwenye muhtasari iliishia kwenye pumba. Asidi na besi: majivu ya pumba. Mwendo wa mmenyuko: pumba. Nishati: usiulize.

Kitabu cha kiada kilisema kwamba mwako unahitaji vitu vitatu, yaani fueli, joto na oksijeni. Mwalimu alisema kitabu hicho kimeandikwa na mtu mwenye jiko la umeme.

"Kuni moja hata mbuzi anaweza kuiwasha," alisema. "Mimi nawafundisha punje. Rundo la punje ni kijiji. Punje hii ikiungua inatoa joto. Swali la kwanza: joto hilo litamfikia jirani kabla halijapotea? Swali la pili: moshi wake una njia ya kutoka, ili hewa mpya iingie? Ukikosa jibu moja, huna moto, una harufu."

"Kwa hiyo tukipuliza sana ndiyo bora?" niliuliza. Nilikuwa na tabia hiyo tangu utoto, na chuo kikuu kilikuja kuipa cheti.

"Puliza sana uone. Upepo ukizidi unalibeba joto na kuondoka nalo. Jirani anabaki na baridi yake."

"Nani amepima?"

Darasa zima lilivuta pumzi. Walimu wengine kwa swali hilo walikuwa wananituma kufagia uwanja. Yeye alisema, "Wewe sasa jina lako ni Mbishi," na akaniamuru nilete makopo matatu.

Kopo la kwanza alimimina pumba tu, zikakaa zilivyotaka. Kopo la pili alimpa kijana mwenye nguvu kuliko wote azishindilie kwa mwiko. La tatu alisimamisha chupa ya soda katikati, akashindilia pumba kuizunguka, kisha akaizungusha chupa taratibu na kuichomoa, likabaki shimo lililonyooka, likakutana na tundu alilotoboa chini ubavuni. La kwanza liliwaka kwa mbwembwe, likaporomoka upande mmoja, moto ukakimbilia huko na kusahau kwingine. La pili lilifuka moshi mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kama tunachoma nyoka. La tatu lilikaa kimya, likawaka kutoka ndani ya lile shimo, bila moshi, mpaka maji ya sufuria yakachemka na tukanywa chai isiyo na sukari kwa jina la sayansi.

"Lakini Mwalimu," nikasema, "mbona na hilo la tatu limeshindiliwa?"

"Limeshindiliwa na mtu aliyefikiri kwanza."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vyenye milinganyo mirefu kuhusu jinsi joto na gesi vinavyopita kwenye tabaka la chembechembe, na sijakutana na ukurasa uliojibu swali langu kwa kiburi kizuri namna ile.

Sasa, msidhani nawaletea mtakatifu. Mtu huyu aliyehubiri njia ya hewa kwa miaka yote alilala chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa matambara, eti upepo wa usiku unaingia kichwani. Aliyetuonya tusivute moshi alivuta sigara nyuma ya choo cha walimu, kisha anatafuna majani ya mpera kana kwamba Mama Kulwa hana pua. Mama Kulwa ndiye mke wake, mama wa mapacha Kulwa na Doto, waliokwisha kuondoka nyumbani zamani. Na huyo Mama Kulwa, mke wa bingwa wa mwako Kanda ya Ziwa nzima, alipika kwa mafiga matatu na kuni za mgunga, kwa sababu jiko la pumba la nyumbani kwake lilikuwa bado kwenye majaribio. Lilikuwa kwenye majaribio nilipoanza kidato cha kwanza. Nilipomaliza chuo, lilikuwa limefikia hatua nzuri.

Nilimuuliza Mama Kulwa siku moja kama hachoki kusubiri.

"Nisubiri nini?" alisema. "Jiko lipo. Linawaka vizuri kabisa. Tatizo kila likiwaka anaita watu waje waone, na sufuria yangu inageuka kiti."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake. Mwalimu hakuweza kuona moto bila kutafuta hadhira, na hakuweza kuona hadhira bila kuugeuzia moto mgongo. Tofauti na walimu wengi, aliyosema yalikuwa ya kweli. Ila ukweli wake ulikuwa mrefu.

Alipostaafu alinitembelea Geita, ambako nilikuwa nimepata mkataba mfupi kwenye maabara ya mtambo mdogo wa kuchenjulia dhahabu. Pale kuna kazi ya kuchoma kaboni, zile punje nyeusi zilizonyonya dhahabu kwenye matangi. Huchomwa kwenye pipa mpaka zibaki majivu, na kwenye majivu ndiyo kuna riziki. Wachomaji walikuwa wamefunga feni kubwa, wanapuliza kwa nguvu ili wamalize haraka waende kula.

"Shikamoo mzee," wakamsalimia.

"Marahaba. Mnapuliza dhahabu ya nani?"

"Ya bosi."

"Basi bosi wenu ni mkarimu. Anawagawia wakazi wote wa upande ule." Akanyoosha kidole kule majivu mepesi yalikoelekea, juu ya mabati ya mama ntilie.

Wakacheka. Mmoja akapunguza feni, kwa heshima tu. Mwalimu akaanza kueleza. Alieleza kuhusu punje na jirani yake, alieleza kuhusu upepo unaobeba joto na upepo unaobeba mali, akachora mishale chini kwa fimbo. Wachomaji wanne wakaja kusikiliza, na walinzi wawili, na mama ntilie mwenyewe akiwa na upawa. Hakuna aliyebaki kulitazama pipa. Moto ukazimika. Bosi alipotokea alikuta kaboni nusu mbichi na semina iliyokuwa imefika katikati. Nilimsindikiza Mwalimu mpaka stendi mimi mwenyewe, na mkataba wangu haukuongezwa. Njiani alisema vijana wale walikuwa wasikivu sana.

Lakini habari ninayotaka kuiandika hasa ni ya tanuri.

Mwalimu akistaafu huacha nyumba ya shule. Ndiyo sheria. Mwalimu wetu na mkewe walihamia chumba cha kupanga chenye paa linalovuja, na Mama Kulwa, ambaye kwa maisha yake yote ya ndoa hakuwa ameomba kitu kikubwa, sasa aliomba kimoja: nyumba ya matofali ya kuchoma. Kiwanja walikuwa nacho. Udongo ulikuwa palepale. Matofali waliyafyatua wenyewe, wawili, kiangazi kizima, yeye akikanyaga tope na mumewe akisimamia kwa maelezo. Walikuwa na nguvu za tanuri moja. Miili yao isingeruhusu kufyatua tena kwa mwaka ule, na mvua ikija kabla matofali hayajaiva, yanarudi kuwa udongo.

Fundi wa matanuri alikuja kutoa ushauri. Alitaka kuku mweupe, na wanawake wenye mimba wasipite karibu. Mwalimu alimpa chai na hotuba, na fundi hakurudi. Tanuri alilipanga Mwalimu mwenyewe, na lazima niseme lilikuwa zuri. Alichanganya pumba za mpunga na chenga za mkaa na maganda ya mbegu za pamba, kwa sababu, alisema, pumba zinawahi na mkaa unakawia, na tanuri linataka wote wawili. Aliacha midomo chini ya kuingizia hewa na matundu juu ya kutolea moshi. Katikati ya matofali aliacha nafasi, si pana, si finyu. Nilikuwa likizo bila kupenda, nikaenda kuona. Nilijaribu kutafuta kosa. Sikulipata, na niliudhika.

Kosa lilikuwa linakuja barabarani na vikapu kichwani.

Kwetu, tanuri likiwashwa ni kama msiba. Hupiti mikono mitupu. Unabeba kikapu cha pumba, unamimina juu, unashindilia kwa mchi ili ziingie za kutosha na ionekane umesaidia kwa moyo, na mwenye tanuri anasema wabeja, ahsante. Ukiona moshi unatoka, unachota tope na kuziba, maana moshi unaotoka ni moto unaopotea, kila mtu anajua. Kumkataza mtu kufanya hivyo ni kumwambia hadharani kwamba msaada wake ni takataka. Hakuna aliyewahi kufanya ushenzi huo Didia.

Asubuhi ile moto ulishika vizuri. Watu wakaanza kufika, na Mwalimu, alipoona umati, aling'aa. Akachukua fimbo yake. Akaligeuzia tanuri mgongo.

"Karibuni, karibuni. Ni vizuri mmekuja. Leo mtaelewa kwa nini matanuri yenu yanatoa matofali meusi tumboni."

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Shija, jirani yao, mwanamke mwenye mikono kama ya mfua vyuma na moyo mkubwa kuliko wote kijijini.

"Mwangaluka, Mwalimu!"

"Mwangaluka, Mama Shija. Njoo uone mshale huu. Hewa inaingia hapa..."

"Wewe endelea tu, baba, mimi nasikia." Akapita nyuma yake, akamimina kikapu, akashika mchi. Pu, pu, pu.

"Wabeja," akasema Mama Kulwa, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa kung'olewa jino. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa kwenye mshale wa pili.

"...inabeba joto kwenda kwa jirani wa juu, inamkausha kabla ya kumuwasha..."

"Moto wenu unavuja!" akapaza sauti mtu mwingine kutoka upande wa pili, na tope likapigwa kwenye tundu. Pa!

"Baba Kulwa," akasema mkewe.

"Ngoja, mama, nafika penye jambo lenyewe. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akishindilia, au akiziba hapa juu, tumekwisha!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine walipiga makofi. Nyuma yake michi ilikuwa inatwanga kwa mpigo mmoja, kama ngoma ya mavuno, na matundu yalikuwa yanazibwa kwa upendo. Sijawahi kuona somo lililoeleweka vibaya kwa adabu kubwa vile.

Tanuri lilipopoa likafunguliwa. Chini palikuwa pekundu, pazuri. Katikati matofali yalikuwa na tumbo jeusi kama chungu. Juu yote yalikuwa mabichi. Mama Kulwa alichukua moja, akaligonga kwa kidole. Tofali lililoiva hulia kama kengele. Hili lilijibu kama mkate.

"Baba Kulwa," akasema, "hili nilipikie ugali?"

Mwalimu alilipokea, akaligonga mwenyewe. Likajibu vilevile.

Mvua iliwahi mwaka huo, ikamaliza kazi. Kijiji kikatoa hukumu yake: kuku mweupe hakuchinjwa. Mama Shija alikuja kuwapa pole na bakuli la michembe ya viazi vikavu, akakaa mpaka jua likazama, akasema, "Sisi tulijitahidi sana, Mwalimu. Mungu hakutaka." Mwalimu akaitikia, "Kweli kabisa, mama. Mlijitahidi."

Nilimsubiri Mama Shija aondoke ndipo nikamvaa Mwalimu.

"Mwalimu, kwa nini humwambii? Ni yeye na mchi wake. Umetufundisha kusema kilichopimwa, na hiki kimepimwa, kimelala pale kinayeyuka."

"Nimwambie nini, Mbishi? Kwamba amenibomolea nyumba kwa kikapu cha msaada?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

"Halafu nikifa nani atanizika? Wewe na milinganyo yako?"

Niliudhika na kijiji, na mila yake ya kuua kitu kwa kukisaidia, na zaidi niliudhika na yeye, mtu aliyejua na akanyamaza. Kilichoniuma hasa ni Mama Kulwa. Alikuwa amekaa mlangoni mwa kile chumba cha kupanga, amekinga ndoo panapovuja, anasikiliza mazungumzo yetu, na hakuchangia neno. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anafanya kile ambacho Mwalimu alitufundisha na mwenyewe hakukifanya: anatazama kitu kinavyokwenda kabla ya kukizungumzia.

Kiangazi kilichofuata walifyatua tena. Sikuamini niliposikia. Nilikuwa nimepata kibarua kingine, upande wa Buseresere, na nikaomba ruhusa nikapanda basi, kwa sababu nilitaka kuwepo mara hii, nisimame mbele ya tanuri nimwambie kila mwenye mchi anachokosea, kwa sauti, mimi ambaye sina mpango wa kuzikwa Didia.

Sikufika kwenye tanuri. Pale njia ya kwenda kwenye kiwanja chao inapoacha barabara, nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye kiti cha mikono. Amezeeka, mashavu yameingia ndani, lakini shati limepigwa pasi. Mbele yake palikuwa na makopo matatu, chupa ya soda, gunia la pumba na mabenchi ya kuazima, na kwenye mabenchi walikuwa wamekaa watu wasiopungua ishirini. Vikapu vyao vya pumba vilikuwa chini miguuni. Michi ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa duka la jirani, imepangwa vizuri, kama silaha za watu waliokubali amani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mbishi! Umekuja wakati mzuri. Kaa. Nilikuwa naeleza kwa nini upepo ukizidi..."

"Mwalimu, tanuri si linawaka sasa hivi? Nani yupo kule?"

"Mama Kulwa."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nimekatazwa kufika." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayetaja cheo. "Nimepangiwa kupokea wageni."

Nilitazama juu ya vichwa vya watu. Kule kiwanjani tanuri lilisimama na matundu yake yote wazi, na kutoka kila tundu hewa ilikuwa inatetemeka kwa joto, karibu haina moshi. Mama Kulwa alikuwa analizunguka na khanga yake kiunoni, anachungulia mdomo huu, anaenda mwingine, polepole. Hakuna aliyekuwa akimsaidia. Sijapata kuona mtu akikosa msaada kwa raha namna ile.

Nikaelewa, na nikafurahi kwa sababu mbaya: nilidhani nimegundua jambo ambalo mwenyewe halijui. Niliinama sikioni kwake.

"Mwalimu, unajua kwa nini umewekwa hapa?"

Aliendelea kuchomoa ile chupa kutoka kwenye kopo la tatu, kwa taratibu yake ileile. Hakuinua macho.

"Wewe unadhani mimi ni mjinga?" akanong'ona. "Tangu alfajiri naongea. Koo limenikauka. Nimerudia mada ya oksijeni mara nyingi mpaka wengine wameanza kuaga, na wakiaga wataelekea kule. Geuka utazame barabarani."

Niligeuka. Mama Shija alikuwa anakuja, kikapu kichwani kimejaa mpaka kinamwagika, mchi begani, uso umejaa huruma ya mtu aliyechelewa kwenye shughuli na anayetaka kulipia.

"Huyo haketi kwa ajili ya hotuba," akasema Mwalimu. "Mwaka jana nilimwona, anapita tu. Lakini anapenda ugomvi. Akiona watu wanabishana lazima asimame aamue. Haya, Mbishi. Miaka yote hiyo umenisumbua. Niulize swali. Liwe refu, na unikosee heshima kidogo."

Mama Shija alikuwa ameshafika kwenye benchi la mwisho. Nilisimama mbele ya watu wote wale, nikakohoa, nikaweka mkono kiunoni.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya mnada, "mimi nasema yote uliyotufundisha kuhusu punje ni uongo, na nina sababu saba!"

Mabenchi yakaguna. Mwalimu akainuka kwenye kiti, akitetemeka kwa hasira nzuri kabisa.

"Eti nini?" akasema Mama Shija, na akatua kikapu chini.